Alizeti Mwishoni mwa Masika: Lini Upande, Lini Usubiri

Mvua za masika katika Mkoa wa Dar es Salaam kwa kawaida huanza katikati ya Machi, hushika kasi mwezi Aprili na kupungua kuelekea mwisho wa Mei. Kila msimu, ardhi ikiwa bado mbichi lakini mawingu yameanza kutawanyika, wapo wakazi wa kata za pembezoni mwa Manispaa yetu ya Temeke, kama vile Chamazi na Toangoma, wanaojikuta na mfuko wa mbegu za alizeti mkononi na eneo ambalo bado ni tupu. Mmoja alichelewa kulisafisha, mwingine alisubiri fedha, na mwingine mvua kubwa ilisomba mbegu zake za kwanza. Swali lao ni moja: je, muda bado upo?

Makala hii inaeleza namna ya kulijibu swali hilo kabla ya kuufungua mfuko, kwa kuwa mbegu ikishafukiwa haina marejesho.

Hesabu siku za mmea

Ubichi wa ardhi siku ya kupanda huwahadaa wengi. Alizeti huota kwa urahisi hata kwa mvua chache, na mizizi yake mirefu huiwezesha kustahimili ukame kuliko mahindi. Hata hivyo, kipindi kinachoamua mavuno huja baadaye, tangu vitumba vinapotokeza hadi punje zinapojaa. Kwa mbegu nyingi zinazotumika nchini, maua huchanua takribani siku 60 hadi 70 baada ya kupanda, na zao hukomaa kati ya siku 100 na 120.

Mkazi aliyepanda Machi 25 atayaona maua mwishoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na maji. Aliyepanda Aprili 15 atayaona katikati ya Juni, na atategemea unyevu uliohifadhiwa ardhini. Aliyepanda Mei 5 atayaona mwanzoni mwa Julai, katikati ya kiangazi. Shamba la huyu wa tatu linaweza kupendeza kwa rangi, lakini punje nyingi zitakuwa mapepe: ganda lipo, kiini hakipo, na mashine ya kukamua haitoi mafuta kutokana na ganda.

Ikumbukwe pia kwamba ushauri mwingi kuhusu alizeti unaosikika redioni unawalenga wakulima wa Singida na Dodoma, mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika karibu na Aprili. Mkulima wa huko hupanda mwezi Desemba au Januari. Kalenda ya Singida haiwezi kuwa kalenda ya Chamazi.

Pima udongo wako

Maeneo mengi ya Temeke yana udongo wa kichanga, ambao hupitisha maji haraka na kukauka mapema. Kwa udongo wa aina hiyo, katikati ya Aprili ni kikomo cha busara kwa anayetegemea mvua pekee. Udongo mzito wa mabondeni hutunza unyevu kwa muda mrefu zaidi, hivyo unaweza kuongeza wiki mbili au tatu.

Kipimo chake ni rahisi. Chimba shimo la kina cha futi mbili, chukua udongo wa chini kabisa na uufumbate. Ukishikamana na kuacha ubaridi kiganjani, akiba ya maji ipo. Ukimwagika kama mchanga wa ufukweni, akiba hiyo haipo, hata kama jana ilinyesha.

Hata hivyo, wenye maeneo ya mabondeni wanakumbushwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito. Unyevu wa kando ya mto usiwe sababu ya kulima hadi ukingoni. Udongo unaolegezwa hapo ndio unaochukuliwa na maji ya msimu unaofuata, pamoja na nyumba za majirani.

Je, kumwagilia kunatosha?

Mmea ulio katika maua huhitaji takribani milimita 5 za maji kwa siku. Kwa eneo la mita 20 kwa 20, kiasi hicho ni lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20 kila siku, kwa wiki kadhaa. Kwa anayenunua maji, gharama hiyo itayazidi mafuta atakayoyapata.

Hali ni tofauti kwa kijieneo kidogo. Ukanda wa mita za mraba 10 kando ya uzio, wenye nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mimea, hubeba mimea 44 hivi. Mahitaji yake ni ndoo mbili na nusu kwa siku, kiasi ambacho maji yaliyosuuzia mboga na nafaka yanaweza kukipunguza. Mavuno yake hayatajaza dumu, lakini yatatosha kuongezea chakula cha kuku, na maua yatawafaa nyuki.

Anayepanda kwa kuchelewa ajiandae pia kwa ndege. Shamba linalokomaa peke yake, wakati mengine yamekwisha kuvunwa, huwa ndilo kimbilio lao. Kwa mimea michache, funika vichwa kwa vipande vya kitambaa chepesi baada ya maua kunyauka, wakati nyuki wamekwisha kufanya kazi yao. Vyandarua vilivyotolewa kwa kinga ya malaria visitumike kwa shughuli hii.

Ukiamua kusubiri

Kusubiri si hasara iwapo mbegu itatunzwa. Iweke ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye kivuli, mbali na joto la bati. Mbegu iliyopakwa dawa, ambayo hutambulika kwa rangi yake, isiliwe, isikamuliwe na isipewe kuku kwa hali yoyote.

Kabla ya masika yajayo, chukua punje 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uzichunguze baada ya siku saba. Zikiota 16 au zaidi, mbegu inafaa. Zikiota chini ya 10, tafuta nyingine, na hakikisha mfuko una lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Aliyepanda mbegu chotara asitenge mavuno yake kuwa mbegu, kwani kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza.

Wakati huo huo, ardhi isiachwe tupu. Kunde hukomaa mapema, nyingi kati ya siku 60 na 80, na majani yake huwa mboga ndani ya wiki chache. Viazi vitamu na mihogo navyo hustahimili kiangazi. Mazao haya yanaweza kutumia unyevu ambao alizeti ingeumaliza kabla ya kujaza punje.

Pa kupata ushauri

Mafuta ya kula ni mzigo katika bajeti ya kila kaya, na nia ya mkazi kutaka kujizalishia ni njema. Nia hiyo ilindwe kwa hesabu. Kabla ya kununua au kupanda, fika katika ofisi ya kata yako na umwone afisa kilimo. Ushauri wake hutolewa bila malipo. Mweleze tarehe unayokusudia kupanda, aina ya mbegu iliyo katika mfuko na hali ya udongo uliouona shimoni. Kwa taarifa hizo tatu ataweza kukushauri kama upande, upunguze eneo, au usubiri. Fuatilia pia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya masika kuanza, na andaa shamba lako mwezi Februari.

Chelewa chelewa, walisema wahenga, utakuta mwana si wako. Aliyechelewa mwaka huu bado ana mbegu yake, na mvua nyingine zitakuja.