Dawa ya ADHD na Mwili Uwanjani

Mtoto mwenye ADHD, hali ya ugumu wa kutulia na kuwa makini, akianza dawa, mzazi wa Kibera au Kawangware huuliza kwanza habari za masomo. Kwenye uwanja wa Kamukunji maswali huwa mengine: mbona siku hizi hajikwai ovyo, na mbona anakimbiza mpira mchana kutwa bila kuomba maji?

Jibu la yote mawili limo ubongoni. Methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kama Ritalin, huzuia seli kufyonza tena kwa haraka dopamini na noradrenalini, kemikali za umakini na ari. Haimjengi mtoto msuli hata mmoja. Takriban nusu ya watoto wenye ADHD hutatizika kuratibu viungo: vifungo vya shati huwashinda, mpira wa kudaka huwaponyoka, herufi huruka mstari. Dawa ikimfaa mtoto, mara nyingi mwandiko huanza kusomeka na mikono hutulia, kwa kuwa sasa akili iko kwenye kazi inayofanywa. Baadhi bado watahitaji mazoezi ya viungo kwa mtaalamu.

Hilo la maji ndilo linalonitia hofu. Mwaka 2008, mtafiti Bart Roelands na wenzake wa Ubelgiji waliwapa waendesha baiskeli miligramu 20 za dawa hii. Kwenye chumba cha nyuzi 18 haikuwasaidia kitu. Kwenye nyuzi 30 waliimaliza kazi ile ile mapema kwa takriban asilimia 16, joto la miili yao likapita nyuzi 40, na wala hawakuhisi kuchoka zaidi ya siku waliyopewa kidonge kisicho na dawa. Kengele ya uchovu ilikuwa imezimwa. Mwaka 1967 mwendesha baiskeli Tom Simpson alianguka akafa juani kwenye mlima wa Mont Ventoux, Ufaransa, akiwa na amfetamini, kichangamshi kingine, mwilini. Kathinoni, kemikali iliyomo kwenye majani ya muguka yanayotafunwa na baadhi ya wanabodaboda ili wakeshe, ni jamaa ya karibu ya amfetamini: usingizi unakimbia, uchovu unabaki mwilini.

Basi mwalimu wa michezo asingoje mtoto aseme amechoka. Jua la saa saba mwezi wa Februari, kwenye uwanja wa vumbi usio na kivuli, katika mtaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi, lataka mtu mzima wa kumtoa mchezoni, kumkalisha na kumnywesha. Dawa pia hukata hamu ya kula. Sahani ya Dishi na County, mpango wa chakula cha shule wa Nairobi, ya shilingi 5, huenda ikarudi karibu kama ilivyopakuliwa. Kwa hiyo uji mzito utangulie kidonge asubuhi, na mlo wa kushiba uje jioni nguvu ya dawa ikipungua. Mapigo ya moyo kuongezeka kidogo ni kawaida. Akizimia au akilalamika maumivu ya kifua anapokimbia, asimamishwe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana aliyefikia mashindano rasmi ajue kwamba dawa hii imepigwa marufuku wakati wa mashindano, ila kwa kibali cha matibabu. Mwanajimnastiki wa Marekani Simone Biles alikuwa nacho, kama ilivyojulikana mwaka 2016. Kwa wanariadha wa Kenya wa ngazi ya kitaifa, ombi hupelekwa kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa za kusisimua misuli, pamoja na ripoti ya daktari, angalau siku 30 kabla ya mashindano.