MVUA HUPIGIWA HESABU

Ndugu mkulima wa Kibaoni, kila mwaka ifikapo Novemba unajiuliza: Je, nipande mpunga mvua ya kwanza ikinyesha, au ningoje? Ukiwahi, mvua ikakatika, miche hukauka. Ukichelewa, mafuriko huukuta mpunga ukiwa bado mfupi.

Kabla ya msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza utabiri wa mvua za Novemba hadi Aprili. Wataalamu wanajuaje? Hawapigi ramli. Wanapiga hesabu.

Kwanza hupatikana vipimo. Vituo vya hali ya hewa, meli na setilaiti hupima joto, upepo na unyevu. Vipimo hivyo huingizwa katika kompyuta zenye nguvu kubwa. Kompyuta huigawa dunia katika vipande vingi, kama shamba linavyogawanywa majaruba. Huhesabu mabadiliko katika kila kipande. Mabadiliko ya kipande kimoja hugusa kipande jirani, kama maji ya jaruba moja yanavyoingia jaruba la pili.

Hesabu hizo ni nyingi mno. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alikisia kuwa wangehitajika watu 64,000 kuzifanya kwa mkono ili kwenda sambamba na hali ya hewa. Leo zinafanywa na kompyuta. Moja ya kompyuta kubwa za kazi hiyo iko Bologna, Italia. Huko Kenya kuna kituo cha ICPAC, kinachohudumia nchi 11, na Tanzania imo. Kompyuta za namna hii hukadiria pia tabianchi ya miaka mingi ijayo.

Lakini kumbuka: kipande kimoja kinaweza kuwa na upana wa kilomita nyingi. Kinaweza kuchanganya milima ya Udzungwa na bonde letu. Kwa hiyo utabiri wa msimu hausemi mvua itanyesha siku gani shambani kwako. Unasema kama mvua inaelekea kuwa ya wastani, juu ya wastani au chini yake.

Basi ufanye nini? Sikiliza redio msimu wote, maana utabiri wa siku chache huonyesha zaidi. Shauriana na afisa ugani. Pima mvua shambani kwako na uandike katika daftari. Utazame pia mto Kilombero. Mto huo hujaa hata kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, huku Kibaoni jua linawaka.

Kompyuta inaijua dunia. Shamba lako unalijua wewe. Tumia elimu zote mbili.