Futari: Neno na Chungu Chake

Ndugu Waislamu, neno futari tumelipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupasua na kuanzisha. Humo yametoka majina mawili ya Sura: Fatir, Muumba, ya 35, na Infitar, kupasuka kwa mbingu, ya 82. Basi anayefuturu anaipasua saumu yake. Hata Zakatul-fitri, ile pishi ya chakula, ni ya mzizi huo huo.

Kiswahili kikalihamisha neno hadi chunguni: mihogo, magimbi, viazi vitamu kwa nazi. Huku kwetu Nduruma, mbali na minazi, mara nyingi huwa ndizi. Si kosa, kila lugha ina haki yake. Lakini katika Ramadhani tumewasikia wengine wakiona haya kumwalika jirani, eti "leo hatuna futari", ilhali maji yapo na uji upo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu, akizikosa, kwa tende kavu, akizikosa nazo, kwa mafunda ya maji. Kwa asili ya neno lenyewe, mafunda yale yalikuwa futari kamili.