Lamalera, kijiji cha wawinda nyangumi

Siku hizi wako watu wengi, wa Ulaya, wa Australia na wa miji mikubwa ya Asia, wanaotafuta pwani. Hawatafuti samaki. Wanatafuta mchanga safi, kiwanja cha bei nafuu, na mahali pa kujenga nyumba za kupangisha wageni. Pwani za kisiwa cha Bali zimekwisha kujaa hoteli, na macho ya wenye feza yanageukia mashariki: Lombok, Flores, na visiwa vidogo vinavyofuata. Kwa hiyo tumeona vema tuwafikishe, kwa njia ya maandishi haya, katika kijiji kimoja cha pembeni kabisa, ambacho wenyeji wake karibu wote ni Wakatoliki kama ninyi. Jina lake Lamalera.

Fungueni ramani ya Indonesia. Baada ya kisiwa kirefu cha Flores mtaona Adonara na Solor, kisha Lembata, ambacho Waholanzi walikiita Lomblen. Lamalera iko upande wa kusini wa Lembata, uso kwa uso na Bahari ya Savu. Mgeni hushuka Lewoleba, mji mkuu wa kisiwa, ama kwa ndege ndogo itokayo Kupang, ama kwa masua itokayo Larantuka kwa muda wa saa nne hivi. Toka hapo hupanda gari au lori na kuvuka milima kwa njia mbaya. Hoteli kubwa hakuna. Wageni hupokelewa katika nyumba za watu, hula wanachokula wenyeji, na kulipa kiasi kidogo. Anayependa raha nyingi asijisumbue kwenda.

Kijiji kina watu wapatao 2,000, nusu juu ya jabali na nusu chini karibu na maji. Ardhi yake ni mawe matupu. Hapaoti mpunga, na mahindi ni machache. Hii ndiyo sababu ya mambo yote tutakayosimulia: watu ambao mlima umewanyima shamba, wamelifanya bahari kuwa shamba lao. Wanavua taa wakubwa na pomboo, na zaidi ya wote wanamwinda nyangumi mkubwa mwenye meno. Nyangumi wa buluu, aliye mkubwa kupita wote, hawamgusi; desturi ya mababu yakataza.

Mashua zao huitwa tena. Hujengwa pasipo msumari wa chuma hata mmoja: mbao hushikanishwa kwa vigingi vya mti na kukazwa kwa kamba. Tanga lilisukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mvumo. Siku hizi injini zimeingia, na mara nyingi mashua ndogo yenye injini huivuta tena mpaka karibu na mnyama. Lakini tendo lenyewe halikubadilika. Mtu akiona nyangumi akitoa moshi wa maji, hupiga ukelele, «Baleo! Baleo!», na kijiji kizima hukimbilia pwani. Mwenye chusa, ambaye huitwa lamafa, husimama juu ya kijukwaa cha mianzi penye omo ya mashua. Wakati ufikapo hatupi chusa kama mkuki. Huruka nalo mwenyewe baharini, ili uzito wote wa mwili wake uusukume ule mwanzi mrefu katika mgongo wa mnyama. Kisha huogelea kurudi. Nyangumi aweza kuipasua mashua kwa mkia wake, au kuiburuta mbali sana na nchi kavu. Wengi hawakurudi.

Nyama ya nyangumi haigawanywi ovyo. Kila kipande cha mwili kina mwenyewe tangu zamani: fungu la wavuta makasia, fungu la lamafa, fungu la fundi aliyejenga mashua, la mshona tanga, la mhunzi aliyefua chusa. Ukoo wa Wujon, ambao ni wenyeji wa kwanza wa nchi ile, nao una haki yake, kwa kuwa ardhi ni yao. Kisha kila mwenye fungu huwagawia jamaa zake, na hivyo wajane na wazee wasio na mwana baharini nao hula.

Imani iliingia polepole. Mapadri Wayezuiti wa Larantuka walibatiza watoto wa kwanza huko mwaka 1886. Na mwaka 1920 alifika Padri Bernhard Bode, wa Shirika la Neno la Mungu, lile ambalo mapadri wake wanafanya kazi hata katika Kongo yetu. Leo, tarehe 30 Aprili jioni, watu hukusanyika pwani kuwaombea waliokufa baharini, na mishumaa huelea juu ya maji. Kesho yake, tarehe 1 Mei, Misa Takatifu husomwa palepale mchangani, karibu na kikanisa cha Mtakatifu Petro. Padri hubariki mashua, na majira ya uwindaji hufunguliwa. Watoto wa kijiji wamesoma pia. Gorys Keraf, mtaalamu mashuhuri wa lugha ya Kiindonesia, alizaliwa hapo mwaka 1936. Na Sonny Keraf, mzaliwa wa hapohapo, alikuwa waziri wa mazingira toka 1999 hata 2001. Mtoto wa wawinda nyangumi kukabidhiwa ulinzi wa mazingira! Jambo hili latufurahisha kila tulifikiripo.

Sasa tuseme juu ya wanunuzi. Akija mtu mwenye feza na kutazama pwani ile, ataona mchanga mfupi kati ya miamba, na nyuma yake safu ya mabanda ya majani. Pengine atawaza ya kuwa mabanda yale yaweza kuhamishwa. La! Ndiyo nyumba za mashua, kila moja na ukoo wake. Na mchanga ule ndio mahali pa kumkata nyangumi, pa kugawa mafungu, na pa kusali. Ukijengwa ukuta hapo, mashua italala wapi?

Sheria yenyewe inamzuia kwa kiasi. Kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1960, umiliki kamili wa ardhi ni wa raia wa Indonesia peke yao. Mgeni mwenye kibali cha kukaa aweza kupata haki ya kutumia tu: miaka 30, ikaongezwa 20, na kufanywa upya 30. Wako wanaojaribu kupita kwa mlango wa nyuma, wakinunua kwa jina la mwenyeji. Sheria hiyohiyo yasema mapatano ya namna hiyo ni bure, ardhi huangukia mikono ya Serikali, na feza iliyolipwa haidaiwi tena. Tena sheria inakubali haki za ukoo juu ya ardhi ya mababu, na haki hizo hazikuandikwa zote katika vitabu vya ofisi. Afadhali anayetaka kupanga shamba au kiwanja aanze kwa wazee, wala si kwa dalali.

Nchi yenyewe nayo si tulivu. Mwaka 1979, katika pwani hiyohiyo ya kusini, mlima ulibomoka usiku huko Waiteba na kuangukia bahari. Mawimbi yake yaliua watu zaidi ya 500. Mwaka 2020 volkano ya Lewotolok, upande wa kaskazini, ililipuka, na Aprili 2021 tufani ilileta maporomoko ya mawe na matope juu ya vijiji vya huko.

Wala si wanunuzi tu wanaokitazama kijiji hiki. Mwaka 1973 Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la chakula, ulileta Mnorwe na meli ya kisasa awafundishe kuwinda vizuri zaidi. Baada ya miaka michache mradi ulikwisha, na watu wakarudia mashua zao. Mwaka 2009, Serikali ilipopanga hifadhi ya Bahari ya Savu, wenyeji walipinga kwa nguvu, na maji yao yakaachwa nje. Tangu 2014 taa wakubwa wanalindwa na sheria. Wanaowatetea nyangumi wana sababu zao, kwa maana mnyama huyo amepungua sana duniani, ingawa aliyempunguza ni meli za mataifa makubwa, si chusa la Lamalera.

Atakayekwenda kutembea asikose soko la Wulandoni, siku ya Jumamosi. Wanawake wa Lamalera hutembea kando ya pwani na nyama iliyokaushwa vichwani, na wanawake wa milimani hushuka na mahindi, ndizi na viazi. Hukaa kwa kuelekeana na kungoja. Mlinzi wa soko hukusanya kwanza ushuru, nao hulipwa kwa vitu. Kisha hupiga filimbi, na wote husimama: kipande kimoja cha nyama kwa mahindi kumi na mawili. Feza haihitajiki.