Kabla ya kuongeza presha ya tabo, nunua geji inayosoma

Mwaka jana mpwa wangu alinijia nyumbani Kisauni baada ya Alasiri na swali lililoonekana dogo. Alikuwa amenunua Subaru Forester ya tabo, iliyotumika Japani kama yalivyo magari mengi yanayoshushwa hapa bandarini. Bomba la moshi alishabadilisha akaweka pana zaidi, na fundi alikuwa tayari kumwongezea presha ya tabo.

"Mjomba, nimeambiwa niweke geji ya hewa na mafuta kwanza. Ipo ya taa na ipo ya namba, lakini ya namba ni ghali mno. Nichukue ipi?"

Mimi, na diploma yangu ya ufundi wa mitambo kabatini, nikamjibu kwamba ya taa itamtosha. Taa ya kijani mafuta yapo, taa nyekundu ondoa mguu. Nikamalizia chai yangu.

Wiki chache baadaye alikipanda kilima cha Mazeras mguu ukiwa chini kabisa. Taa zilikuwa kijani tangu anaanza kupanda. Karibu na kileleni injini ikapoteza nguvu, ikaanza kutetemeka, na nyuma moshi wa buluu ukatanda barabarani. Gereji walipoifungua, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingoni na nyingine imeanza kupasuka. Kijana yule huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini bandarini, na akiba yake ya miaka mitatu ikaishia kwenye sinia la vyuma vya kuuzia chakavu. Ushauri ulikuwa wangu. Ndiyo maana nimeona niandike haya, kwa sababu tangu hapo nimeulizwa swali lile lile na vijana wa Likoni, wa Mikindani na wa hapa Bombolulu.

Tuanze na mchanganyiko wenyewe. Petroli haiungui peke yake, inaungua na hewa, na kila gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili vyote viishe bila kubaki mafuta wala oksijeni. Hapo ndipo panapoitwa lambda 1. Mafuta yakizidi, tunasema mchanganyiko ni mzito, na namba hushuka: 13, 12, 11. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi na namba hupanda: 15, 16. Anayejua tofauti ya tui la kwanza na tui la pili hana la kuuliza hapa, ila akumbuke tu kwamba namba ndogo ndiyo tui zito.

Injini haitaki uzito mmoja wakati wote. Ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni injini inanguruma tu, au unakwenda taratibu barabara ya Malindi, namba huwa karibu na 14.7. Ukikanyaga mguu wote kwenye injini isiyo na tabo, unataka kati ya 12.5 na 13 na kitu. Kwenye injini ya tabo iliyoongezwa presha, mafundi wengi huiweka kati ya 11 na 12, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba cha mwako na kuzuia injini isigonge. Mzito kupita kiasi nao una gharama: plagi hujaa masizi, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Lakini mzito hukuharibia polepole na unanuka, utaujua. Mwepesi chini ya mzigo mkubwa huyeyusha pistoni kwa dakika chache, na hauna harufu.

Sasa njoo kwenye sensa, maana geji ni saa tu ya kusomea, kazi yote iko kwenye sensa. Sensa ya oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi na hupima oksijeni iliyobaki baada ya mwako. Ilianza kuuzwa ndani ya magari mwaka 1976, Bosch wakiitengeneza na Volvo wakiwa wa kwanza kuiweka, kwa ajili ya sheria kali za moshi za California. Sensa ile ya asili ndiyo madukani huitwa narobendi. Hutoa umeme mdogo, kati ya sifuri na volti moja. Katikati, karibu na volti 0.45, ndipo kwenye 14.7, na hapo umeme hupanda au kushuka ghafla kama swichi. Kompyuta ya gari ilitakiwa kujua jambo moja tu: tuko upande upi wa 14.7? Kwa kazi hiyo, narobendi inatosha kabisa.

Ubaya ni kwamba nje ya eneo lile jembamba umeme haubadiliki sana. Mchanganyiko wa 13.5 unaweza kutoa volti 0.85 na wa 11 ukatoa 0.9, na tofauti hiyo ndogo huyumba pia kwa joto la sensa yenyewe. Geji ya taa iliyounganishwa na sensa hiyo itawasha kijani kwa zote mbili. Kwa dereva wa kawaida 13.5 si kitu. Kwa injini ya tabo yenye presha iliyoongezwa, 13.5 kilimani ndiyo pistoni ya mpwa wangu. Taa haikusema uongo: mchanganyiko ulikuwa mzito kuliko 14.7, tena ilisema hivyo mpaka dakika ya mwisho. Mimi ndiye niliyeiuliza swali isiloweza kulijibu.

Unachotaka ni waidibendi. Hiyo ina chumba kidogo ndani kinachosukuma oksijeni kuingia na kutoka, na kifaa chake cha kuendeshea hupima umeme uliotumika kusukuma. Kutokana na hapo hujua uwiano halisi, si upande tu. Geji kama AEM X-Series husoma tangu 8.5 hadi 18, na Innovate MTX-L iko kwenye daraja hilo hilo. Mimi sifanyi biashara na yeyote kati yao. Ukinunua, angalia kwanza sensa inayokuja nayo: Bosch LSU 4.9 ni bora kuliko LSU 4.2 ya zamani, ambayo kwenye geji nyingi inabidi uirekebishe mara kwa mara ukiwa umeichomoa na kuiacha kwenye hewa safi. LSU 4.9 inayouzwa kwa kazi hii ina namba 0 258 017 025. Ikiandika namba nyingine au muuzaji hataki kukuonyesha boksi, tafuta duka jingine, kwa sababu sensa ndicho kitu kinachokufa na utakinunua tena siku moja. Geji ambayo sensa yake haipatikani ila kwa aliyeitengeneza, usiiguse hata wakikupunguzia bei.

La pili la kuangalia ni waya wa kutoa, ule wa volti sifuri hadi tano. Huo ndio unaopeleka usomaji kwenye kompyuta ya kurekebishia au kwenye kifaa cha kurekodi. Macho ya dereva hayawezi kuangalia barabara ya Jomvu na geji kwa pamoja, na anayejaribu tutamzika. Kama fundi wako atarekebisha ramani ya mafuta, atataka rekodi. Ukubwa wa uso wa geji na rangi ya taa zake, hayo ni mapambo, chagua upendavyo.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Sensa hukaa baada ya tabo, kabla ya kataliti, kwenye nati ya milimita 18 iliyochomelewa vizuri. Ielekee juu, kama mshale wa saa ya ukutani ulio kati ya 10 na 2, isilale chini, kwa sababu maji yanayotokana na mvuke wa moshi yakiigusa ikiwa imewaka huipasua kauri ya ndani. Isiunganishwe geji bila umeme halafu gari likaendeshwa: sensa isiyopashwa moto hujaa masizi ikafa. Hasi ya geji ifungwe pale pale ilipofungwa hasi ya kompyuta, la sivyo namba unayoiona wewe na inayorekodiwa zitapishana. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Plagi za waya zilizo chini ya gari linalovuka feri kila siku huota kutu ya kijani ndani ya miezi, basi paka grisi ya umeme na uzifunge juu, mbali na matairi.

Halafu ujue ambayo hata geji nzuri haiyajui. Bomba likiwa na tundu kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na namba inaonyesha mwepesi wakati sivyo. Plagi moja isipowasha, oksijeni ya silinda ile hupita bila kuungua, na geji tena inasema mwepesi huku petroli ikinuka. Fundi asiyejua hili ataongeza mafuta kwenye injini inayohitaji plagi ya mia chache.

Kuna na la mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwazuia wanaoyachanganya na mafuta ya magari, na sote tunajua kwa nini ilibidi. Petroli iliyochanganywa hugonga mapema, lakini geji inapima oksijeni iliyobaki tu. Itakuonyesha 11.5 nzuri kabisa huku injini inagonga. Kwa hiyo mwenye tabo anunue petroli anakopaamini, na asikilize kwa masikio.

Mpwa wangu alipata injini nyingine mwezi wa sita, iliyotumika. Safari hii nilichangia geji, ilikuwa haki yake. Presha tuliiacha ya kiwandani, tukatoka jioni moja kuelekea Mtwapa, yeye akiendesha na mimi nikisoma namba. Gia ya tatu, mguu chini: 11.4, 11.6, halafu 12.3, 12.9. Nikapiga kelele akaachia kabla haijafika 13.

Tulirudi taratibu. Kesho yake tulipima umeme kwenye pampu ya mafuta, tukakuta waya wake umeoza karibu na tangi, pampu inapata volti 10 na kidogo badala ya 13 na nusu. Tangi na waya ni vile vile vya tangu siku alipolinunua gari.