Programu ya Nyota na Kasi ya Intaneti Duniani

Je, programu ya kutazamia nyota inaweza kupima intaneti ya dunia? Inaweza, ila tukisoma vipimo vyake kwa uangalifu.

Tuchukue mfano wa Aladin, programu ya bure ya kituo cha data za nyota kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kilichoanzishwa mwaka 1972. Aladin haipakui anga zima kwa mara moja. Anga limegawanywa katika vigae 12, kila kigae hugawanywa vinne, na kila kimoja cha hivyo vinne tena. Mtumiaji anaposogeza picha, kompyuta yake huomba kwenye seva vigae anavyovihitaji tu. Kila ombi huweza kuandikwa katika kumbukumbu: saa, ukubwa wa faili, muda uliotumika, na anwani ya mtandao inayodokeza nchi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kigae cha kilobaiti 100 kikifika kwa nusu sekunde, kasi ni kilobaiti 200 kwa sekunde, yaani megabiti 1.6. Tukipanga maombi mengi kwa nchi, tunapata ramani ya kasi.

Hata hivyo, mantiki inatudai tahadhari tatu. Ya kwanza ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Strasbourg ni karibu kilomita 6,900, na mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu kunachukua kama milisekunde 70. Anayechelewa kupata kigae si lazima awe na laini mbovu. Huenda yuko mbali na seva.

Ya pili ni sampuli. Nchi yenye watumiaji watatu, wote katika chuo kikuu kimoja, itaonekana ina kasi kubwa, ingawa vijijini hali ni nyingine.

Ya tatu ndiyo nzito: asiye na intaneti haachi alama yoyote. Tukiongeza seva palipo na maombi mengi tu, walio mbali watazidi kusubiri, watakata tamaa, na kumbukumbu zitasema hawapo.

Hata parokiani tunaweza kuhesabu waliosoma tangazo kwenye WhatsApp tukadhani tumewafikia wote. Kipimo hutuambia habari za waliopimwa. Habari za wengine hatuna budi kuwafuata tukawaulize.