Mwaka Mpya: Lengo Bila Njia ni Ndoto Tupu

Kila mwaka mpya uingiapo, kambini na vituoni husikika ahadi nyingi. Huyu ataacha pombe, yule atajenga nyumba, mwingine atanunua ng'ombe au kurudi shuleni. Ifikapo Machi, ahadi hizo huwa zimekwisha kusahauliwa, na Desemba humkuta mtu palepale Januari ilipomwacha. Si kwamba askari hana nia. Nia anayo, kinachomkosesha ni njia iliyopangwa. Na siku ya kustaafu haimngoji mtu: huja na kumkuta mmoja akiwa na makao yake, na mwingine akiuliza atalala wapi na watoto wake.

Katika jambo hili, tunalo somo la kujifunza kwa wakulima wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Wengi wetu twaijua wilaya hiyo kwa sababu ya ulinzi wa mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera. Lakini juu ya miteremko ya milima ya Rwenzori, katika sehemu kama Kyarumba na Mahango, Wakonzo hulima kahawa ya arabika. Kyarumba ndiko kuliko na chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, ambacho tangu miaka ya mwanzo ya karne hii wanachama wake wamekuwa wakipanga maisha yao kwa michoro. Mbinu hiyo, ijulikanayo kwa jina la GALS, ilikuzwa huko kwa ushirikiano na shirika la Oxfam Novib la Uholanzi, kisha ikaenea katika nchi nyingine za Afrika.

Mchoro wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Hata asiyejua kusoma aweza kuuchora. Juu ya karatasi, upande wa kulia, mtu huchora duara, na ndani yake huweka kile anachokitaka: nyumba ya matofali, shamba, mtoto aliyemaliza shule. Chini, upande wa kushoto, huchora duara la pili, nalo huonyesha hali yake ya leo bila kujidanganya. Huyaunganisha maduara hayo kwa barabara. Upande mmoja wa barabara huchora mambo yatakayomsaidia, na upande wa pili vikwazo. Mwisho huweka vituo njiani, na kwa kila kituo huonyesha kiasi atakachokuwa amefikia na kazi atakayokuwa ameifanya.

Sisi tuliopita katika shule ya makadeti twalitambua jambo hili mara moja. Amri ya operesheni huanza na hali, hufuata jukumu, kisha utekelezaji, kisha utawala na ugavi, na mwisho uongozi na mawasiliano. Hakuna kamanda atakayewaambia askari wake "tekeni kilima kile" bila kueleza adui yuko wapi, njia ni ipi na risasi zitatoka wapi. Basi kwa nini mtu aliyezoea nidhamu hiyo kazini ayaendeshe maisha yake mwenyewe kwa kubahatisha?

Wakulima wa Bukonzo walipochora, waligundua mengi yaliyokuwa yamefichika nyumbani mwao. Walichora pia mti wa familia, wenye kuonyesha nani afanya kazi ipi na nani atumia fedha kwa nini. Mara nyingi ilionekana kwamba mama ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kahawa, huku baba akiuza na kutumia. Mume na mke wakivutana, kahawa huchumwa mbichi na kuuzwa haraka kwa bei ndogo, kwa kuwa kila mmoja ataka kumtangulia mwenzake. Wakipatana, husubiri matunda yaive yawe mekundu, huyakausha kwa uangalifu, na bei hupanda. Familia nyingine zilifika hadi ya mume na mke kutia sahihi pamoja katika hati za ardhi.

Hapo pana fundisho kubwa kwetu. Askari huhamishwa bila kutarajia, au hupelekwa operesheni kwa miezi. Lengo alilolificha moyoni mwake hubaki bila mlinzi. Lengo ambalo mwenzi wake wa nyumbani analijua, na hesabu yake anaiona, huendelea hata yeye akiwa mstari wa mbele. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mfano wa koplo atakaye kununua mabati ya nyumba yake kijijini. Anakusudia kuweka shilingi 50,000 kila mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Vituo vyake ni vinne: mwisho wa Machi 150,000; Juni 300,000; Septemba 450,000; na Desemba 600,000. Februari anajua ada za shule zitambana. Basi mwezi huo ataweka 20,000 tu, na Machi atalipa pengo kwa kuweka 80,000. Huyo hatashtushwa na Februari, kwa sababu ameiona tangu mbali. Mahali pa kuweka fedha hizo papo: jeshini kuna chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana chama chao cha Exodus. Adui yake mkubwa ni mkopeshaji anayeshika kadi ya benki ya askari kama rehani. Kikwazo hicho kichorwe kwa wino mweusi.

Vikwazo vingine havitabiriki. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaharibu makazi ya watu na hospitali ya Kilembe. Mpango mwema haumzuii mto kufurika, lakini humwezesha mtu kujua amepoteza nini, amebakiwa na nini, na aanzie kituo gani.

Wapandao Rwenzori hawakifikii kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kwa mbio moja. Huanzia Nyakalengija, hulala Nyabitaba, wakasonga hadi Bujuku na Elena. Na asiyepumzika vituoni hushindwa na hewa nyembamba kabla ya kuiona theluji.

Ndugu askari na polisi, mwaka ungali mchanga. Twaeni karatasi moja, kaeni na wenzi wenu, mchore maduara mawili na barabara. Ibandikeni ukutani, na kila mwisho wa mwezi, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni, isimameni mbele yake na kuikagua kama mnavyokagua silaha zenu.